Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Msimu wa Soka la Wanaume la Vyuo Vikuu vya Marekani: Konferensi ya ACC Kuanzia Agosti Hadi Desemba

Kila mwaka mambo huwa yale yale. Mwezi Agosti watu huanza kwa ari kubwa, huchagua timu, hununua skafu na kupeana ratiba. Lakini ifikapo katikati ya Oktoba wengi wao wamekwisha kupotea. Wanauliza kwa nini timu iliyo nafasi ya tisa katika msimamo inatajwa kuwa na uhakika wa kucheza mashindano ya taifa, kwa nini mechi waliyoiamkia usiku ilikuwa imechezwa jana yake, na kwa nini refa alimaliza mpira bila kuongeza hata dakika moja.

Tatizo hilo halitokani na uvivu. Msimu mmoja wa chuo ni mashindano matatu (mechi za msimamo wa konferensi, yaani muungano wa vyuo, kisha mtoano wa konferensi hiyo, na mashindano ya taifa) yanayochezwa na wachezaji walewale ndani ya takribani wiki kumi na sita, na msimamo unaoonekana mtandaoni huonyesha shindano moja tu kati ya hayo matatu. Shabiki asiyeweka hesabu zake mwenyewe hawezi kuuelewa msimu, hata akitazama kila mechi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuufuata hadi mwisho, awe anaishi Louisville, Syracuse au Raleigh, au awe Mombasa au Mwanza na ana ndugu anayesoma huko.

## Vitu vya kuandaa kabla ya mechi ya kwanza

- Daftari la kurasa kubwa na kalamu. Simu haitoshi, kwa sababu utahitaji kuona wiki kadhaa kwa pamoja.
- Kalenda ya simu inayoweza kuonyesha saa za maeneo mawili.
- Ratiba ya timu yako kutoka tovuti ya michezo ya chuo chenyewe, wala si picha iliyosambazwa na mashabiki.
- Orodha ya kikosi yenye mwaka wa masomo wa kila mchezaji.
- Njia ya kutazama. Mechi nyingi za nyumbani za ACC (Atlantic Coast Conference) huonyeshwa ama kwenye chaneli ya ACC Network, iliyoanza Agosti 2019, ama kwenye huduma yake ya mtandaoni ndani ya programu ya ESPN, na huhitaji usajili wa kulipia.
- Kwa aliye nje ya Marekani, ukurasa wa takwimu za moja kwa moja wa chuo kinachocheza nyumbani. Ukurasa huo ni wa bure, na huandika kila shuti, kona, kadi na badiliko la mchezaji mara tu linapotokea.

## Hatua ya 1: Chagua timu moja, kisha zijue zote

Konferensi ni muungano wa vyuo vinavyokubaliana kuchezeana na kuwa na bingwa wao. ACC ni mojawapo ya zenye nguvu zaidi katika soka la wanaume. Tangu mwaka 2024, Stanford, California na SMU zilipojiunga, ina timu 15 za soka la wanaume: Boston College, California, Clemson, Duke, Louisville, NC State, North Carolina, Notre Dame, Pittsburgh, SMU, Stanford, Syracuse, Virginia, Virginia Tech na Wake Forest.

Usihangaike kuitafuta Florida State, Miami au Georgia Tech katika orodha hiyo. Vyuo hivyo ni wanachama wa ACC, lakini havina timu ya soka ya wanaume katika daraja la kwanza.

Chagua timu moja ya moyoni na uandike majina ya nyingine kumi na nne kwenye ukurasa wa mwanzo wa daftari, kwa sababu utakapofika Novemba matokeo ya timu ambazo hukuzijali ndiyo yatakayoamua safari ya timu yako. Wengi wetu tunaotoka Afrika Mashariki tulivutwa na Clemson kupitia Philip Mayaka, kiungo mzaliwa wa Nairobi aliyeichezea timu hiyo mwaka 2019 na 2020, kisha Januari 2021 akachukuliwa na Colorado Rapids akiwa wa tatu katika uteuzi wa wachezaji wa MLS, ligi kuu ya soka la kulipwa ya Marekani. Aliondoka, na Desemba ya mwaka huohuo Clemson wakatwaa ubingwa wa taifa. Hivyo ndivyo soka la chuo lilivyo: mchezaji hupita, timu hubaki. Yule anayemfuata mchezaji peke yake hubaki mpweke baada ya msimu mmoja au miwili.

Utajua umefaulu pale utakapoweza kutaja timu zote 15 bila kutazama daftari.

## Hatua ya 2: Geuza ratiba yote iwe saa yako, kwa siku moja

Hapa ndipo wanapoangukia walio wengi, na kosa lenyewe lina tabaka mbili. Kwanza ni tofauti ya saa baina ya Marekani na Afrika Mashariki. Pili ni kwamba sisi tunahesabu saa kwa Kiswahili ilhali ratiba imeandikwa kwa mtindo wa Kizungu. Anayegeuza mambo haya mawili kichwani kwa wakati mmoja, tena akiwa na usingizi, lazima akosee.

Mechi za konferensi huchezwa zaidi Ijumaa jioni. Iliyoandikwa saa 7:00 jioni kwa majira ya pwani ya mashariki ya Marekani ni saa moja jioni huko, na Nairobi na Dar es Salaam ni saa nane usiku wa kuamkia Jumamosi. Andika "Jumamosi saa nane usiku" kwenye kalenda yako. Ukiandika "Ijumaa" utaamka saa ishirini na nne kabla ya wakati, au utalala fofofo mechi ikiendelea.

Zingatia pia mambo haya:

- Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha saa zao nyuma kwa saa moja. Kuanzia hapo mechi ya saa moja jioni ya kwao huwa saa tisa usiku kwetu, na wiki hiyo ndiyo mtoano wa konferensi unapopamba moto.
- SMU wako Dallas, kwa hiyo ongeza saa moja. Stanford na California wako pwani ya magharibi. Mechi yao ya saa moja jioni huanza saa kumi na moja alfajiri kwetu hadi mwisho wa Oktoba, kisha saa kumi na mbili asubuhi.
- Aliye Bujumbura, Kigali au Bukavu apunguze saa moja katika hesabu zote hizi.

Jambo la mwisho katika ratiba ni mpangilio wa majina. Wamarekani huandika timu ngeni kwanza. Ukiona Virginia imetangulia na Clemson imefuata, mechi inachezwa Clemson. Sisi tumezoea kinyume chake, na nimewaona watu wakisafiri mwendo wa saa tano kwenda mji ambao hauna mechi.

Utajua umefaulu ukifungua kalenda na kuona kila mechi ina siku, saa ya Kiswahili na uwanja, bila hesabu yoyote iliyobaki kufanywa usiku wa mechi.

## Hatua ya 3: Fungua ukurasa wa rekodi, na usome tarakimu kwa mpangilio wao

Hatua hii isirukwe hata kidogo.

Rekodi ya timu ya chuo huandikwa kwa tarakimu tatu, na mpangilio wake ni ushindi, kupoteza, sare. Sare huja mwisho. Katika misimamo tuliyoizoea ya ligi za Tanzania, Kenya na Ulaya, sare huandikwa katikati. Tofauti hiyo inaonekana ndogo hadi uifanyie hesabu.

Chukua timu yenye rekodi ya 3-1-4 katika mechi nane za konferensi. Ushindi ni alama tatu na sare ni alama moja. Ukisoma ipasavyo, timu hiyo imeshinda tatu, imepoteza moja na kutoka sare nne, hivyo ina alama 13. Ukisoma kwa mazoea ya nyumbani, imeshinda tatu, imetoka sare moja na kupoteza nne, hivyo ina alama 10. Hizo ni alama tatu zilizopotea kwenye karatasi yako, na pengine ndizo zinazotenganisha nafasi ya nne na ya kumi.

Sasa gawa ukurasa wa daftari katika safu tatu. Safu ya kwanza iwe ya rekodi ya jumla, yaani mechi zote. Ya pili iwe ya mechi za konferensi peke yake. Ya tatu iwe ya mechi dhidi ya timu zilizomo katika orodha ya timu bora ya wiki ile, na uandike nafasi ya mpinzani siku ya mechi. Kila Jumapili jaza mstari mmoja kwa timu yako na mstari mmoja kwa kila mpinzani aliyebaki kwenye ratiba yake.

Ukurasa wangu wa wiki ya sita una mistari saba, wino wa bluu kwa ushindi na penseli kwa sare, kwa sababu sare ndizo ninazozirudia mara nyingi zaidi ninapopiga hesabu za Novemba. Rangi utachagua mwenyewe. La lazima ni kuandika kwa mkono kila wiki: mtu aliyeandika 3-1-4 kwa mkono wake hasahau maana yake.

Tahadhari: usichanganye safu ya kwanza na ya pili. Timu inaweza kuwa na ushindi tisa kwa jumla na ushindi mmoja tu katika konferensi.

## Hatua ya 4: Zipe uzito mechi za Jumanne za Septemba

Septemba, kati ya Ijumaa na Ijumaa, timu hucheza na vyuo vya nje ya konferensi, mara nyingi siku ya Jumanne. Mashabiki wengi huzipuuza mechi hizi kwa kudhani ni za kirafiki. Si za kirafiki hata kidogo.

Mashindano ya taifa ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, hupokea timu 48. Mabingwa wa konferensi huingia moja kwa moja, na nafasi zilizobaki hujazwa na kamati ya uteuzi. Kwa miaka mingi kipimo kilichozoeleka mbele ya kamati kimekuwa RPI (Rating Percentage Index), ambacho kina sehemu tatu: asilimia 25 hutokana na matokeo ya timu yenyewe, asilimia 50 hutokana na matokeo ya wapinzani wake, na asilimia 25 hutokana na matokeo ya wapinzani wa wapinzani hao. Kabla ya msimu kuanza, soma kwenye tovuti ya NCAA kipimo kinachotumika mwaka huo, kisha fuata hicho.

Tazama vizuri asilimia 50 ile. Maana yake ni kwamba nusu ya hesabu ya timu yako iko miguuni mwa timu nyingine. Ukimfunga mpinzani dhaifu mabao matano Jumanne, kisha mpinzani huyo akaendelea kupoteza hadi Novemba, ushindi wako unaweza kukuacha ulipokuwa au hata kukushusha. Ukitoka sare ugenini na timu ngumu ambayo baadaye inachukua ubingwa wa konferensi yake, sare hiyo huendelea kukupandisha huku wewe umelala.

Kwa hiyo andika majina ya wapinzani wote wa nje ya konferensi na uyafuatilie matokeo yao msimu mzima. Ni kazi ya dakika kumi kwa wiki. Ndiyo siri ya kuelewa kwa nini timu ya tisa katika msimamo wa ACC inaweza kualikwa, wakati timu ya pili katika konferensi nyingine inabaki nyumbani.

Usichukulie orodha ya wiki ya United Soccer Coaches kuwa ni kipimo hiki. Orodha hiyo ni kura za makocha, na namba inayoandikwa mbele ya jina la timu hutokana nayo. Inafaa kwa mazungumzo na kwa safu yako ya tatu, lakini haimpi mtu nafasi ya kucheza Novemba.

Utajua umefaulu ukijikuta unaishangilia timu ambayo hujawahi kuiona, kwa sababu yako ilitoka nayo sare wiki tano zilizopita.

## Hatua ya 5: Jifunze kuitazama mechi ya chuo

Saa ya uwanjani huhesabu kurudi nyuma, kutoka 45:00 hadi 0:00, na ndiyo saa rasmi. Hakuna ubao wa dakika za nyongeza. Refa husimamisha saa yenyewe pale bao linapofungwa, kadi inapotolewa au mchezaji anapoumia. Muhtasari wa mabao, hata hivyo, huhesabu kwenda mbele. Ikiwa kipindi cha pili ubao unasoma 12:30, basi ni dakika ya 77 na sekunde 30. Toa kwenye tisini, uandike.

Sekunde kumi za mwisho mtangazaji huzihesabu kwa sauti, na uwanja mzima hupokea. Honi ikilia mpira haujavuka mstari wote, hakuna bao, hata kama ulikuwa hewani ukielekea wavuni. Ukikaa nyuma ya goli kwa mara ya kwanza na kuona mpira unaingia sekunde moja baada ya honi, huku kipa amekwisha kuinua mikono kushangilia sare, utaelewa kwa nini makocha wa huku huanza kupiga mipira mirefu ubao ukisoma 0:25.

Kuhusu wachezaji wa akiba, makocha hubadilisha wengi kuliko ulivyozoea. Anayetoka kipindi cha kwanza harudi hadi cha pili, na katika kipindi cha pili mtu anaweza kutoka na kurejea mara moja tu. Usidhani mshambuliaji aliyetolewa dakika ya 30 ameumia.

Tangu mwaka 2022 mechi za kawaida za msimu huisha kwa sare baada ya dakika 90. Muda wa ziada, vipindi viwili vya dakika 10, umebaki kwa mtoano, na sare ikiendelea huja mikwaju ya penalti.

Tahadhari ya radi: radi ikipiga karibu, mechi husimama, na haiendelei hadi dakika 30 zipite tangu radi ya mwisho. Septemba jambo hili ni la kawaida katika majimbo ya Carolina. Ukiona takwimu za moja kwa moja zimeganda, usizime simu ukalala.

## Hatua ya 6: Ukienda uwanjani

Viwanja ni vidogo na unakaa karibu kabisa na wachezaji. Soma kanuni za mifuko kwenye tovuti ya chuo, kwa sababu vyuo vingi huruhusu mfuko wa plastiki unaoonyesha vilivyomo peke yake. Beba koti zito kuanzia Oktoba. Fika mapema mechi ya mwisho ya nyumbani, kwani kabla ya kuanza wanafunzi wanaomaliza huitwa mmoja mmoja na kutembea hadi katikati ya uwanja wakiwa na wazazi wao. Nimemwona mama akiwa na shada la maua mkono mmoja, mkono mwingine ameushika mkono wa kijana wake aliyekwisha kuvaa soksi za mechi, na hakuuachia hadi refa alipowaomba wote watoke. Usikose hapo.

## Hatua ya 7: Oktoba, usome msimamo kwa jicho la ratiba

Timu ni 15, lakini kila moja hucheza mechi nane tu za konferensi. Maana yake kila timu haikutani na timu sita. Mmoja anaweza kuwa amekwepa wakali wote, mwingine akawa amekutana nao wote ugenini, na msimamo hausemi lolote kuhusu hilo.

Chora jedwali la timu 15 kwa 15 na utie alama kwenye kila mechi iliyochezwa. Baada ya wiki ya tano utaona wazi nani alikutana na nani. Jedwali hilo hufaa pia kwa timu zinazolingana alama, maana matokeo ya ana kwa ana hutazamwa kwanza pale yanapokuwepo.

Hesabu kadi pia. Mchezaji mwenye kadi tano za njano hukosa mechi inayofuata, na kocha mwangalifu anaweza kumpumzisha kiungo mwenye nne kabla ya mechi kubwa. Asiyehesabu kadi huishia kumlaumu kocha bure.

## Hatua ya 8: Novemba, mabingwa wawili na Jumatatu moja

Konferensi ina mabingwa wawili. Wa kwanza ni anayemaliza juu katika msimamo. Wa pili ni anayeshinda mtoano wa konferensi, na huyu ndiye anayechukua ile nafasi ya moja kwa moja ya NCAA. Timu iliyoongoza msimamo ikitolewa kwenye mtoano, hutegemea kamati kama wengine.

Jumatatu ya katikati ya Novemba kamati hutangaza timu 48. Kabla ya tangazo, keti na daftari lako na uandike timu za ACC unazoamini zitaalikwa, ukieleza kila moja kwa mstari mmoja kutoka safu tatu ulizojaza. Timu 16 hupangwa juu. Hizo huvuka raundi ya kwanza bila kucheza na huanzia nyumbani katika raundi ya pili. Kwa hiyo usitafute tu kama timu yako imo, tafuta kama itacheza nyumbani.

Utajua umefaulu ikiwa orodha yako imekosea timu moja au mbili tu, na zile ulizokosea unaweza kuonyesha ni safu gani ilikupotosha.

Timu yako ikiwa imeingia bila kupangwa juu, usiikatie tamaa. Vermont haikuwa miongoni mwa zile 16 mwaka 2024, na Desemba ilitwaa ubingwa mjini Cary, North Carolina, kwa kuifunga Marshall 2-1 katika muda wa ziada.

## Hatua ya 9: Desemba, na ukurasa wa mwisho

Timu nne za mwisho hukutana katika College Cup, kwenye uwanja mmoja uliochaguliwa mapema. Zisome timu zote nne katika daftari kabla ya nusu fainali, hata kama yako imetolewa, kwa kuwa ACC hufika huko mara nyingi: mwaka 2022 Syracuse waliwatoa Indiana kwa penalti 7-6 baada ya sare ya 2-2, na mwaka 2023 fainali nzima ilikuwa ya ACC, Clemson wakiwafunga Notre Dame 2-1 mjini Louisville.

Fainali ikiisha, kazi imebaki moja. Rudi kwenye orodha ya kikosi uliyoichapisha Agosti na uweke alama mbele ya kila jina: nani amemaliza miaka yake, nani amechukuliwa na MLS, nani ametangaza kuhamia chuo kingine. Majina yasiyo na alama yaandike upya kwenye ukurasa safi, na uache nafasi chini yake kwa ajili ya wageni watakaoanza kutangazwa Januari.